Simu Isiyo na Mwenyewe

Derick wa Sombetini hakuwahi kuiba kitu maishani mwake. Yeye alipewa. Watu walimpa kwa mikono miwili, wakamshukuru, na wengine wakamsindikiza hadi kituoni.

Jumatatu moja alilala kwenye gesti ya Manase huko Moshono, na kabla chai ya asubuhi haijapoa alikuwa ameshaona mahali pa kupewa tena. Manase aliwauzia wageni intaneti mbali na bei ya chumba, na alikuwa akilalamika mapokezi kwamba kuna mtu anaitumia bila kulipa. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na uchungu tu, na kwa Derick uchungu ulitosha.

Akarudi chumba namba saba. Akachukua simu yake mpya, akaitoa laini, akafuta kila chenye jina lake, maana alikuwa mtu makini. Akaiamuru ipakue filamu mfululizo kwa intaneti ya gesti, akaichomeka kwenye chaji nyuma ya kabati na kuiacha hapo.

"Ikikushinda, mangi, niite," alimwambia Manase wakati wa kuaga, akimwachia namba ya simu yake nyingine, ile ya vitufe. "Mimi ni mtaalamu wa mtandao."

Kufikia Alhamisi intaneti ilikuwa inatambaa, na wageni walianza kudai warudishiwe hela zao. Manase akapiga simu. Derick akaja na tai na kompyuta, wakapatana laki tatu.

"Mtandao hausafirishi kitu kizima," alifafanua, sauti yake ya upole kama ya mchungaji msibani. "Kila kitu hukatwa vipande, na kila kipande hubeba anwani ya mwenyewe. Mimi navinasa vikiwa njiani."

Akaingia kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kwa kompyuta yake, akaandika amri moja kwenye kioo cheusi, tcpdump, akabonyeza. Maandishi meupe yakaanza kumiminika. Kwa haki isemwe kuwa hapo hakudanganya. Amri aliijua moja tu, lakini aliijua vizuri.

"Yesu wangu," alisema Manase. "Sasa mwizi ni nani? Laki tatu silipii maandishi."

Derick hakuwa ameandaa jina. Akatazama huku na huku, akamwona Simaloi, dada wa mapokezi, akitundika funguo.

"Inaniuma kusema," akasema, na kwa kweli haikumuuma popote. "Ni mtu wa ndani."

Manase akageuka. "Simaloi, kafungashe vitu vyako."

Simaloi alitundika ufunguo wa mwisho. Mshahara ule ndio uliomsomesha mdogo wake, na kwao Ngaramtoni hakukuwa na mshahara mwingine. Lakini hakulia. Alisogea hadi kwenye kompyuta.

"Kaka, hizi namba zinazojirudia ni za nini?"

"Ndiyo anwani zenyewe, dada," alijibu Derick, ambaye hakuweza kuulizwa swali la kitaalamu akanyamaza. "Kila simu na yake. Simu ikizimwa, namba yake inatoweka."

"Basi, bosi, nipe nusu saa," alisema Simaloi. "Kwetu ng'ombe wakizidi zizini hatumfukuzi mchungaji. Tunawapitisha mlangoni mmoja mmoja mpaka abaki asiye wetu."

Akawaita wageni wote mapokezi, akafungua daftari lao la kujiandikisha. Akataja jina, mtu akazima simu, namba ikatoweka. Akataja lingine. Manase akazima yake, Simaloi akazima yake mwisho kabisa. Maandishi yaliendelea kumiminika, na namba iliyobaki ilikuwa moja tu, ya simu isiyokuwa mkononi mwa mtu.

Derick alikumbuka ghafla kwamba ana kikao mjini. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu wote walikuwa wameshaingia vyumbani kusogeza makabati.

Simu ililetwa ikiwa ya moto kama kiazi. Chumba namba saba kilikuwa kimelaliwa na watu watatu wiki ile, Derick akiwemo. Simaloi akaiinua juu.

"Ya nani?" akauliza. Akauliza mara ya pili, na ya tatu, kama inavyoulizwa kwa mnyama aliyepotea. Derick aliangalia viatu vyake.

"Haina mwenyewe," alisema Simaloi. "Ila imefungwa kwa namba za siri. Bosi, laki tatu mpe mtaalamu akiweza kuifungua."

Manase akakubali. Derick akapiga hesabu: ataifungua, atachukua laki tatu, kisha atasema simu iende ofisini kwake kwa uchunguzi. Akaandika upuuzi kwenye kompyuta dakika kumi nzima, akajifuta jasho, kisha akabonyeza namba sita. Simu ikafunguka mara ya kwanza.

Wageni wakapiga makofi. Simaloi hakupiga.

"Kaka," alisema, "kwetu ng'ombe akikubali kukamuliwa na mtu siku ya kwanza, huwa tunamjua mwenyewe. Hii ni yako?"

Makofi yakakatika. Manase akaenda kusimama mlangoni, na mlango ukajaa. Derick aliitazama simu yake. Alikuwa anaipenda.

"Siijui," alisema.

"Basi ni ya aliyeikamata," alisema Manase, akimwonyesha Simaloi. "Na laki tatu pia."

Simaloi akafungua daftari la wageni, akachomoa kalamu nyuma ya sikio.

"Nitajie hizo namba sita," alisema. "Polepole, niandike."

Derick akazitaja.