Maswali Ishirini ya Kocha Mkuu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kombe lazima atoke. Nimeamua leo saa saba mchana, dukani, nikimtolea mteja fotokopi ya kitambulisho. Timu yetu ya Mjambere imeshinda mechi sita mfululizo na mtaa mzima unamsifu kocha. Kocha gani? Kombe muuza viazi karai! Aliacha shule darasa la nne. Haandiki mpango wowote. Kabla ya mechi anawauliza wachezaji kama wamekula na kama mama zao hawajambo, halafu anakalia debe lake na kutafuna muhogo. Na wanashinda. Bahati tupu!

Mimi ni msaidizi wa tatu. Kazi yangu ni maji, na kuokota mipira inapoingia kwenye michongoma. Mimi, niliyeongoza chemsha bongo ya kanisa miaka mitatu! Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kuwa mkuu wa kitu chochote. Inaniuma. Humu ndani naweza kusema.

Jumamosi ya tarehe 21 tunacheza na Bombolulu. Mshindi anaingia raundi ya kaunti. Siku hiyo kocha mkuu ataitwa Nyale, yaani mimi.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwendea Bi. Milcah, mwenyekiti wa kamati ya timu. Alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu, na anapenda karatasi kuliko watu. Nimemwambia rubani hufanya mtihani, daktari hufanya mtihani, hata dereva wa tuktuk hufanya mtihani. Kocha je? Amesema kweli, ukocha ni kazi ya akili. Akili zipimwe, mwenye alama nyingi apewe timu. Ameuliza nani atatunga mtihani. Nimejitolea. Ameuliza nani atausimamia. Nimejitolea tena. Kusahihisha pia nitasahihisha mimi, maana majibu ninayo.

Nyumbani mke wangu Dama ameuliza na watakaoufanya ni kina nani. Nimemwambia mimi na Kombe. Amecheka hadi mchuzi ukaungua. Wivu huo.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi! Nimepata ishirini kwa ishirini. Kombe amepata mbili, na moja nilimpa kwa kuandika jina lake vizuri.

Swali la nne: mtu mmoja anachimba shimo kwa siku nne, watu wanne watachimba kwa siku ngapi? Kombe amejibu kwamba wanne hawatachimba, watapiga soga. Afadhali wachimbe wawili na wa tatu awaletee uji. Sifuri! Swali la tisa: treni moja imetoka Mombasa, nyingine Voi, zitakutana wapi? Amejibu kwamba angempigia simu mtu wa Voi amuulize. Sifuri kubwa!

Nilidhani atateta. Hakuteta. Amenipa mkono, akavua filimbi shingoni, akanivisha, akasema hongera Mwalimu, sasa atakaanga viazi vyake bila haraka. Bi. Milcah amemfanya msaidizi wa tatu. Filimbi nimeivaa hadi kitandani. Dama amesema nikiipuliza usingizini nitahamia kwa mama yangu.

Jumapili, 15 Juni

Mazoezi ya kwanza. Hatukugusa mpira. Nimewapa wachezaji wote yale yale maswali ishirini, wakajibu wakiwa wamekaa mchangani. Nafasi uwanjani zitagawanywa kwa alama.

Kipa ndiye anayeona uwanja wote, kwa hiyo kipa awe mwenye akili kuwashinda wote. Huyo ni Kamau, mwanafunzi wa uhasibu, alama kumi na nane. Kamau amenieleza kwamba anauogopa mpira. Nimemwambia woga ni dalili ya akili. Changawa, kipa wetu wa siku zote, ambaye msimu huu hajafungwa hata bao moja, amepata tatu. Tatu! Benchi.

Wamenung'unika wote kwa pamoja, husikii huyu wala yule. Basi nimeweka utaratibu. Mchezaji mwenye neno asiniletee kwa mdomo. Aliandike, alitie kwenye sanduku la maoni. Sanduku nimelitengeneza kwa katoni ya karatasi za fotokopi na nimelizungushia utepe. Litafunguliwa tarehe 22, baada ya mechi, ili mawazo yangu yasivurugwe.

Jumanne, 17 Juni

Dama amenipokea mlangoni na habari kwamba Bibi Kafedha wa Kaloleni hatunaye. Miaka tisini na minne. Alilala, hakuamka. Nimesikitika, maana aliwahi kunipa kuku. Dama amesema mazishi ni Jumamosi na ukoo mzima utakwenda. Nimemwambia anifikishie pole, mimi nina mechi. Akaanza kunieleza habari za wajukuu wa marehemu. Nimemwomba anyamaze kidogo. Nilikuwa nachora pembetatu za kiungo cha kati, na moja ilikuwa imegoma kufungika.

Jioni mazoezini kila mtu alikuwa na kalamu. Hakuna aliyenisumbua kwa maneno! Wanaandika, wanatia sandukuni, wanaondoka. Vikaratasi tisa kwa siku moja. Kombe hakuwahi kupata hata kimoja.

Alhamisi, 19 Juni

Kombe amekuja dukani na viazi vya moto kwenye gazeti. Ameniamkia kwa adabu, akauliza hali ya Dama, hali ya watoto, hali ya mashine ya fotokopi. Ndipo akatoa lililomleta. Anaomba mechi isogezwe kutoka saa tisa hadi saa kumi. Refa Oduor amekubali. Kocha wa Bombolulu amekubali. Nimebaki mimi.

Hila! Nani anaomba saa nzima bure? Nimekataa. Amesema basi anieleze sababu. Nimemwonyesha sanduku. Ameliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akasema mkono wake ni mzito wa kuandika, kwa hiyo atafanya anavyoweza. Ameondoka polepole. Viazi vilikuwa vitamu, lazima nikiri, hasa ukwaju wake.

Jumamosi, 21 Juni



Saa tisa kasoro dakika tano nimetazama upande wa Bombolulu. Wako watano. Nimewahesabu mara mbili. Watano! Kanuni inasema timu isiyotimiza wachezaji saba haichezi na inapoteza mechi. Nimemkimbilia refa Oduor na kitabu cha kanuni, ukurasa nikiwa nimeshaukunja. Nimedai ushindi kwa sauti kubwa ili na mashabiki wasikie. Oduor ni mtu mpole. Amesoma, amekubali, amesema kanuni ni ya timu zote mbili. Kisha akawahesabu wangu.

Sita.

Nilikuwa sijageuka kuwatazama. Kamau na wenzake watano, wote watu wa bara. Nimeuliza wengine wako wapi. Kamau amesema wako Kaloleni, wanamzika shosho yao. Shosho ya nani? Ya wote. Asiye mjukuu wa Bibi Kafedha ameoa mjukuu wake. Na wale wa Bombolulu waliokosekana? Wajukuu pia. Yule bibi alizaa watoto kumi na mmoja!

Oduor amesema basi, timu zote mbili nje ya mashindano. Akaniletea fomu nitie sahihi. Bi. Milcah alikuwa amesimama pale pale, midomo ameibana. Nimeona mechi sita za vijana wale, na mbio zao zote juani, vinakwisha kwa kalamu yangu. Nimeogopa kuliko siku yoyote maishani.

Nimekataa kutia sahihi. Nimesema Bi. Milcah asajiliwe awe wa saba. Amekataa kwa maneno ambayo sikujua karani huyajua. Nimesema wa saba ni mimi, nikavua viatu. Oduor ameomba kadi yangu ya uchezaji. Nimempa kadi ya maktaba. Nimemtaka anionyeshe kanuni inayosema mchezaji lazima awepo kwa mwili. Ameitafuta, maskini. Tumebishana dakika hamsini, mashabiki wakizomea, mpaka kalamu ya Oduor ikaisha wino na ikabidi akaazime nyingine dukani.

Hapo lori la nazi likaingia uwanjani. Limejaa vijana wa timu zote mbili, wanaimba, miguu ina udongo. Mbele, kando ya dereva, Kombe! Alikuwa amemwomba dereva awasubiri hadi kaburi lifunikwe, kisha awarudishe mbio. Oduor ametazama fomu. Haina sahihi. Amesema mechi bado haijavunjwa, wavae jezi.

Bi. Milcah amenivua filimbi mbele za watu na kumpa Kombe. Kombe hakuchora kitu. Ameuliza nani alichimba kaburi. Hao wakae benchi, migongo imechoka. Nani alilia tu? Hao wacheze. Nani hajala? Hao wamepewa viazi kwanza. Changawa alichimba na kulia vilevile, lakini amesema nyanya yake angependa kumwona golini, na Kombe hakumbishia.

Tumeshinda moja bila. Dakika ya mwisho Bombolulu wamepata penalti. Changawa ameidaka, akaukumbatia mpira, akakaa chini akalia. Waliomwinua ni wale wale wa Bombolulu, binamu zake. Nami nimelia. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji na nadhani hakuna aliyeniona.

Jumapili, 22 Juni

Nimefungua sanduku. Vikaratasi kumi na vitatu. Kumi na viwili vinasema jambo moja: Kocha, tumefiwa, tunaomba ruhusa ya Jumamosi. Cha kumi na tatu ni cha Kamau, anaomba kwa heshima asiwe kipa.

Nimeona haya. Nimemsomea Dama vyote. Hakucheka. Amesema kumbe umeona sasa, Baba Vivian, ziko akili za karatasi na ziko akili za watu, na kocha akikosa hizi za pili hana timu. Nimelifikiria neno hilo ibada nzima, hata mahubiri sikuyasikia.

Nimegundua kosa langu. Sanduku lilikuwa moja. Yalitakiwa mawili, moja la maoni na moja la misiba.

Na jambo jingine. Nani aliyeizuia mechi isivunjwe kwa dakika hamsini? Mimi! Mjinga angetia sahihi akaenda zake. Kombe alileta lori, mimi nilileta muda wa lori kufika. Ushindi ni wa akili. Nimemweleza Bi. Milcah haya yote nje ya kanisa. Amepanda bodaboda bila kuaga.

Jumanne, 24 Juni

Nimefunga duka, nimekwenda Kaloleni na Dama kuhani. Kombe alikuwa huko tangu asubuhi, anawagawia wageni chai. Amenipa kikombe cha kwanza. Nimempongeza kwa raundi ya kaunti, na nimejitahidi iwe kwa moyo mweupe.

Kisha nimeketi mkekani na Changawa. Nimempa pole. Amenisimulia jinsi nyanya yake alivyokuwa akimrushia nazi kavu azidake, tangu akiwa mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemhurumia kijana wa watu, nikatamani kumpa kitu cha kumtia moyo. Bahati nzuri nilikuwa nacho mfukoni. Nimemrudishia karatasi yake ya mtihani, nimeshaisahihisha kwa wino mwekundu, tatu kwa ishirini.

Ameitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, akacheka hadi shangazi zake wakatoka jikoni kuangalia kuna nini. Wamesema hajacheka tangu bibi afariki. Dama amenifinya paja, sijui kwa nini. Nimefurahi kuona mchezaji anayapokea matokeo yake kwa ukomavu. Nimemwambia asikate tamaa, alama si mwisho wa maisha. Akijisomea kwa bidii, mwakani na yeye anaweza kuwa kipa.