Poda ya Kiti cha Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Habari mbili leo, zote nzito. Ya kwanza: Mjomba, mwenye saluni, magoti yamemshinda. Anakwenda kwa binti yake kutibiwa, miezi mitatu. Ijumaa atamkabidhi mmoja wetu funguo na kiti cha kwanza, kile kinachotazama mlango, chenye mgongo unaolala na pa kuwekea miguu. Ya pili: mke wangu kasema baba yake anakuja Alhamisi kumwona mjukuu, na anataka nimnyoe ndevu mimi mwenyewe. Kwenye kiti changu. Cha kwanza.

Hapo ndipo pana kazi. Miaka mitatu iliyopita, nilipokwenda kuposa, mzee aliniuliza nafanya kazi gani. Nikatia chumvi kidogo. Nikasema mimi ndiye kinyozi mkuu, kiti cha kwanza, wengine wote wako chini yangu. Ukweli ni kwamba nakaa cha tatu, karibu na sinki, na chini yangu kuna ndoo tu.

Mshindani wangu ni mmoja, jamaa wa kiti cha pili. Tunamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno pekee analolitumia. Watu wanapanga foleni kumngoja, mimi kiti kitupu, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Eti mkono wake hauumi. Kwani wangu unauma? Ni spiriti inayouma! Nikimpaka mtu spiriti baada ya kumnyoa, anaruka, anamwita mama yake. Kosa langu liko wapi?

Jioni jibu likaja lenyewe. Mke wangu alimwogesha mtoto, akampaka poda shingoni. Mtoto akacheka. Mtoto yule yule aliyekuwa analia kama anachinjwa! Nikabaki mdomo wazi. Poda! Nikimalizia kunyoa kwa poda, nani atakwenda tena kwa Taratibu? Kopo nimeshalificha kwenye mfuko wa koti. Kufikia Alhamisi Mjomba atakuwa ameshaamua kiti cha kwanza ni changu, na uongo wangu utakuwa umegeuka ukweli bila mtu kujua.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Ushindi! Karibu ushindi.

Mteja wa kwanza alikuwa karani wa posta. Nikamnyoa, spiriti nikairuka, nikampaka poda uso mzima kwa mkono mkunjufu. Akajishika shavu. Akasema ah. Miaka sita katika kazi hii, hakuna aliyewahi kusema ah kwenye kiti changu. Husema mengine. Mchana watu wawili walitoka kwenye foleni ya Taratibu wakaja kwangu. Wawili! Taratibu aliendelea kunoa wembe wake. Najua aliumia.

Saa kumi karani akarudi na mkewe. Mkewe ndiye aliyetangulia. Akataka kujua huyo mtoto ni wa nani. Nikauliza mtoto gani. Akasema mumewe kila siku anarudi ananuka karatasi, leo kapita nyumbani ananuka mtoto mchanga, na kwao kitinda mimba ana miaka kumi na tisa. Nikaeleza. Wapi! Ikabidi nitoe kopo. Akanusa kopo, akanusa mume, akanusa kopo tena. Ndipo akapoa, lakini karani aliniambia mlangoni kwamba ndevu zake atazinyoa mwenyewe kuanzia sasa.

Mjomba alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Acha acheke. Makelele yale yote ni tangazo la bure, mtaa mzima umejua kuna poda.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Poda imekwisha. Mkono mkunjufu una hasara zake.

Asubuhi mke wangu alitafuta kopo la mtoto nyumba nzima. Nikamsaidia kutafuta. Niliinama hata chini ya kitanda. Akasema hajawahi kuona kopo linalotembea. Nikasema labda panya.

Duka la jirani hawana poda, wanasema mpaka kesho. Nikajikaza kisabuni. Kwani poda ni nini? Ni kitu cheupe, laini. Na unga wa ngano je? Mweupe, laini. Nikalijaza kopo.

Akaja dereva wa lori, shingo nene, katoka juani. Nikamnyoa vizuri, nikamkandakanda kwa taulo la moto, kisha unga. Dakika ya kwanza alipendeza. Ya pili jasho likaanza. Ya tatu unga ukashikana. Nikifuta, unavutika. Nikiongeza mwingine ili ukauke, ndiyo kwanza donge linakua! Taratibu, yule yule mtu wa neno moja, akauliza kama aniletee chumvi na mafuta. Foleni nzima ikaangua kicheko. Dereva alinawa mara tatu kwenye sinki langu, na sinki likaziba.

Mjomba aliniita pembeni. Akasema, mpwa wangu, zimebaki siku mbili, tulia. Nimetulia kabisa. Nilipotoka kazini nilizunguka mpaka duka la mbali, nikapata makopo mawili ya poda ya kweli. Moja nikalitupia chini ya kitanda. Mke wangu kalikuta. Kasema panya wa nyumba hii ana adabu, kachukua kopo nusu na karudisha limejaa.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Naandika poda ikiwa bado mikononi.

Mpango ulikuwa safi. Mjomba nilimwambia kwamba mwenye duka la dawa anamwita, kapata dawa mpya ya magoti. Akaenda, fimbo mkononi, maskini, na furaha usoni. Taratibu nilimwomba asiseme neno lolote. Akasema hilo halina shida. Kiti cha kwanza kikabaki wazi, nikakifuta mpaka kikang'aa.

Baba mkwe akaingia. Huyu ni mkaguzi mstaafu wa mizani. Kwa miaka thelathini alizunguka masokoni akiangalia nani kapunja nani, na mpaka leo hata kikombe cha chai hukiinamia kwanza kuona kimejaa kiasi gani. Akakagua kioo, akakagua dari, akanikagua mimi. Nikatoa shikamoo, nikamkaribisha kwenye kiti changu.

Povu likaenda vizuri. Wembe ukaenda vizuri, mashavu yote mawili. Kisha nikafika chini ya taya. Pale kinyozi lazima ainue kidevu cha mtu kwa kidole na kukisukuma nyuma. Jamani, kidevu cha mkwe! Unakisukumaje? Unaanzia wapi? Nikaona haya. Nikapitisha wembe juu juu, kwa heshima, macho nimeyaelekeza pembeni. Nikajiambia poda itafunika.

Nikampaka poda nyingi.

Haikufunika kitu! Poda ilishika kila unywele uliobaki. Chini ya taya zikasimama ndevu nyeupe, moja moja, zinahesabika. Baba mkwe akaomba kioo cha mkononi. Akazihesabu, kwa sauti. Alifika kumi na saba.

Taratibu akaweka wembe wake chini, akaja, akamwomba mzee radhi, akakiinua kidevu kwa kidole kama vile si cha mkwe wa mtu. Akaziondoa zote kwa kufuata weupe. Akapaka poda tena, safari hii kidogo. Hakuna kilichosimama. Akasema poda hii ni nzuri sana, inaonyesha wembe uliruka wapi. Sentensi nzima! Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Mlango ukafunguliwa. Mjomba. Amefura. Mwenye duka la dawa hakumwita wala hamjui. Akaniuliza mbele ya watu wote nani kaniruhusu kugusa kiti chake, na kwa nini sipo kwenye kiti changu cha tatu pale kwenye sinki.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikasimama na kopo mkononi, nikamwambia mkwe yote. Kwamba sijawahi kuwa kinyozi mkuu hata siku moja. Kwamba niliogopa angeninyima binti yake. Nikasema nisamehe, baba. Machozi yakanitoka, nikasingizia poda.

Mzee akasema anajua. Anajua! Kabla ya kujibu posa alikuja kukagua, akasimama ng'ambo ya barabara asubuhi nzima. Aliniona kiti cha tatu, sina mteja, nafagia nywele za wateja wa wenzangu huku naimba. Akarudi akamwambia mama mkwe kwamba kijana ni mwongo lakini si mvivu, na hanuni. Wakakubaliana uongo unaweza kupungua. Akajipapasa chini ya taya, akamsifu Taratibu, akanishika bega. Lile bega bado nalihisi hadi sasa.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Funguo kapewa Taratibu. Nilijua. Hata hivyo moyo uliniuma, sitaficha.

Kisha Taratibu akatoa amri yake ya kwanza. Kuanzia leo, kila mteja apakwe poda kabla ya wembe kupita mara ya mwisho, ili kila unywele uonekane, na tena kidogo mwishoni ili ngozi ipoe. Akasema wazo ni la huyu hapa, akaninyooshea kidole. Na huyu hapa ahamie kiti cha pili. Nikamrukia nikamkumbatia. Akasema taratibu.

Kiti cha pili! Nimenyoa watu saba. Wanne walisema ah. Mjomba kanisamehe ya duka la dawa, ingawa kaapa kwamba siku magoti yakipona, mtu wa kwanza kupigwa teke ni mimi.

Nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu yote, la panya pia. Alicheka sana. Kumbe naye alijua. Kasema miaka mitatu shati langu linarudi limelowa upande mmoja, na kinyozi mkuu hawezi kuwekwa karibu na sinki. Nikaona haya, kisha nikacheka naye. Nimempenda upya mwanamke huyu. Nimemwapia, na naandika hapa iwe ushahidi: sitadanganya tena kuhusu kazi yangu. Mtu ana kiti cha pili, ana mke, ana mtoto, ana poda. Uongo wa nini?

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Shemeji kapiga simu, kaka yake mke wangu, anayeishi mbali. Kapata habari kutoka kwa baba yake kwamba nimepanda cheo. Akanipongeza kwa moyo mweupe kabisa. Akauliza sasa nakalia kiti cha ngapi.

Nikasema ukweli. Cha pili.

Akasema, cha pili tu? Neno lile sikuliweza. Nikaongeza kwamba ni cha pili hapa tu, kwa sababu cha kwanza kiko kwenye saluni yetu mpya, ninayoisimamia mwenyewe, ya viti sita.

Shemeji alifurahi mno. Anakuja tarehe 18 na marafiki zake watano, wanyolewe wote kwa mpigo.

Siku tisa. Nimepima sebule yetu kwa hatua. Viti vinne vinaingia bila shida, na viwili vinaweza kukaa jikoni kama mke wangu atakubali kupikia nje. Nitamwambia kesho. Au tarehe 17.