Ndoo Sita za Pazia Moja

Jumanne, 20 Desemba
Likizo imeanza, maji yamekatika. Kila mwaka hivyo hivyo! Ghorofa zima tunategemea bomba moja la uani. Ndoo moja kwa kila nyumba. Ndoo ikishika foleni, mwenyewe anaenda zake. Mama mkwe anafika Ijumaa. Mwaka jana alisema mimi ni maneno matupu. Nimemwapia mke wangu: pipa litajaa pomoni, la sivyo nitalala sebuleni hadi mwaka mpya.

Jumatano, 21 Desemba
Nina akili, jamani! Nimepanga ndoo sita kwenye foleni, moja hapa, moja kule. Pazia letu lina mistari ya rangi sita. Nimekata pindo lake linalofichwa na kochi, kila mpini nikaufunga rangi yake, kama ndoo za watu sita. Mama fundi cherehani wa chini, msimamizi wa foleni, alizipita kimya. Nani kama mimi?

Alhamisi, 22 Desemba
Nimeumbuka. Fundi aliniuliza mbele ya watu pazia lake linaendeleaje. Lo! Yeye ndiye aliyelishona! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mama yule, nampa heshima zake. Hakunifokea. Zote sita zilipojaa, akawagawia wazee na wagonjwa, kisha akanishukuru kwa kujitolea kuwapandishia. Ngazi zile! Magoti hayana hamu. Sisi tunalalamika mitandaoni kutwa. Yeye anajua nani hajapata hata ya kunywa. Pipa langu tupu. Mke wangu kaona pazia. Kanirushia mto sebuleni.

Ijumaa, 23 Desemba
Mama mkwe kaingia, moja kwa moja kwenye pipa. Nikafumba macho. Akafunua. Limejaa! Kumbe fundi aliwaambia watu wa wale wazee niliowabebea, kila nyumba ikaleta ndoo asubuhi nikiwa nimetoka. Mama mkwe akasema kumbe nimekuwa mtu. Machozi yalinilenga. Nilishuka kumshukuru fundi. Alicheka, akaniambia shemeji, wema hauozi. Mwanamke wa shoka!

Jumamosi, 24 Desemba
Maji bado. Maneno ya fundi yameniingia kabisa. Kosa langu nimelijua: vitambaa visitoke kwenye pazia moja. Mama mkwe kaanika magauni yake manane kambani, kila moja na rangi yake, na hakuna hata moja alilolishona fundi. Kalala. Mkasi uko wapi?