Mkaguzi Anakuja, Piga Deki

Jumatatu, 4 Novemba

Zéphirin ameula. Jirani yangu Zéphirin Poirier, ambaye jeshini kazi yake ilikuwa kugawa blanketi, sasa anafagiliwa nyumba na serikali! Kuna mwanamke anakuja kila wiki kumsugulia bafu. Kuna bwana mwenye gari la kusukuma theluji atakayemsafishia njia msimu wote wa baridi. Bure! Kisa, ni askari mzee, na askari wazee wanatunzwa majumbani mwao wasije wakapelekwa mbali. Kwani mimi ni nani? Nina miaka themanini na mitatu. Goti langu la kulia nusu yake ilibaki Saiprasi, nilikovaa kofia ya buluu ya kulinda amani wakati yeye akikunja mablanketi. Na mimi nitapata.

Tena lazima nipate. Lucette, binti yangu, amepiga simu kutoka Moncton, mji wa mbali anakoishi. Anasema nisipopata msaidizi kabla theluji haijashika, atakuja kunichukua nikaishi kwake, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Chumba kina dirisha moja, na dirisha linatazama matairi ya gari. Hapa kijijini Chéticamp naamka nikiona bahari, na kaburi la Yvonne wangu liko nyuma ya kanisa, mwendo wa kutembea. Naandika mara moja tu, sirudii: naogopa kwenda.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepiga simu serikalini. Nimesikilizishwa kinanda mpaka chai imepoa. Hatimaye wameniambia muuguzi mkaguzi atakuja Jumatano ijayo kuona kama kweli nahitaji msaada.

Nikaenda kwa Zéphirin kuchota ujuzi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba bakuli la fricot, mchuzi wangu wa kuku na viazi. Akaufuta wote ndipo akafungua mdomo kwa mengine. Anasema niache vyombo vichafu, nisinyoe ndevu, na nikiulizwa lolote nigune kwanza. Yeye aliguna mpaka muuguzi akamkimbilia na maji. Nikamwambia hana haya. Akasema haya haifui shuka.

Ijumaa, 8 Novemba

Mazoezi. Nimefukua mkongojo wa marehemu baba mkwe. Nimechechemea mbele ya kioo asubuhi nzima. Tatizo, goti bovu ni la kulia, nami najikuta nachechemea la kushoto. La kulia nimezoea kulificha.

Vyombo: nimeacha sahani mbili kwenye sinki. Mpaka jioni uzalendo umenishinda, nimeziosha. Nikazipaka haradali upya. Nikaziosha tena.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Mpango ulikuwa safi: niende kwenye gwaride na mkongojo, kijiji kizima kione hali yangu na kiwe shahidi. Upepo wa suête ulikuwa unashuka milimani, ule unaong'oa mapaa. Zéphirin alikuja ndani ya gari, blanketi magotini, akipungia watu mkono kama askofu.

Kumbe mbeba bendera ana mafua. Wakauliza nani ataibeba. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, haki ya Mungu! Nimeibeba kutoka kanisani hadi kwenye mnara wa mashujaa, upepo ukinipiga kifuani, bila mkongojo. Nilijikaza kisabuni. Sikuyumba. Watu walipiga makofi. Zéphirin alishusha kioo cha gari, akaniambia polepole: "Hongera, bwana. Umeshapona."

Jumanne, 12 Novemba

Sikutoka kitandani hadi adhuhuri. Goti limevimba, halikunjiki. Safi kabisa! Kesho muuguzi atakuta ushahidi wa kutosha.

Kisha nikaiangalia nyumba kwa jicho la mgeni. Vumbi. Madirisha yana chumvi ya bahari. Tangu nimuoe Yvonne hakuna mgeni aliyekanyaga sakafu chafu humu. Nitafagia mlangoni tu. Mlangoni tu, basi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepiga deki nyumba nzima. Nimesugua madirisha. Alfajiri theluji ya kwanza ilianguka, nikachukua beleshi, nikasafisha njia, ngazi, na mahali pa kuegesha gari lake, maana muuguzi akiteleza kwangu nitauweka wapi uso wangu? Nikaoka pai ya nyama. Nikanyoa. Nikavaa medali.

Muuguzi anaitwa Odile Bourgeois. Ni binti mdogo, lakini ana sauti ya afande, na hapo ndipo nilipokwisha. Akauliza kama naweza kuoga mwenyewe. Naam. Kupanda ngazi? Naam. Kupika? Nikamkatia pai. Kuondoa theluji? Akachungulia nje, akajijibu mwenyewe. Askari akiulizwa kama anaweza, mdomo unajibu kabla ya kichwa. Nilikumbuka kuguna mara moja. Alidhani nasafisha koo.

Akasema ni nadra kuona mzee anayejimudu hivi, na kwamba kwa haya aliyoyaona, hadhani kama nitapewa msaada. Akanipongeza! Nikamshukuru. Pai iliyobaki nikampa aondoke nayo kwenye bakuli la Yvonne. Gari lake lilipoondoka nikaketi, na kusimama tena ikawa kazi. Nimejifunga bao mwenyewe.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemweleza Lucette. Anakuja Jumapili na masanduku ya nguo. Akasema, "Baba, mficha maradhi kilio humuumbua." Nikasema hapa simu haisikiki vizuri.

Ijumaa, 15 Novemba

Odile amerudisha bakuli. Watu wa kwetu hawarudishi chombo kitupu: alilijaza biskuti za molasi. Alibisha, hakuitikiwa, akaingia. Akanikuta nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati. Kijiko kiliniponyoka wakati wa chai ya asubuhi, nikakifuata chini, goti likakataa kurudi. Sasa ilikuwa inakaribia saa ya chakula cha mchana. Nikamwambia nakagua miguu ya meza.

Hakucheka. Aliketi sakafuni kando yangu, na koti lake lote.

"Mzee Placide," akasema, "juzi nilikosea swali. Nilikuuliza kama unaweza. Leo nakuuliza, ukishaweza, unakuwaje?"

Nilitaka kujibu naam. Badala yake nililia, mtu mzima mimi, mbele ya binti wa watu.

"Nikipiga deki, kesho yake siamki," nikamwambia. "Nikiondoa theluji, silali kwa maumivu. Kuoga naogopa, kwa hiyo najipangusa tu. Jumapili mwanangu anakuja kunichukua, na mimi nataka kufia hapa."

Akaandika yote. Halafu akanishika makwapani, akahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ile ile ya afande, na nikasimama. Aliondoka bila kunipongeza. Nimefurahi.

Jumapili, 17 Novemba

Lucette amefika na masanduku matupu mawili. Odile alikuwa ameshampigia simu. Tumekubaliana: nikipewa msaidizi, nabaki mpaka Pasaka, halafu ataangalia hali yangu. Nikizidi kudhoofika, hakuna mjadala, ni Moncton. Amekula sahani mbili za fricot, akanuna, akanibusu. Ameacha sanduku moja chini ya ngazi, eti ni zito kulirudisha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekubaliwa! Usafi wa nyumba kwa muda wa saa mbili kila Jumanne, na bwana wa theluji. Zéphirin anasema ni kwa sababu ya mafunzo yake, na kwamba anadai bakuli jingine la mchuzi. Sina ubishi leo.

Jumanne, 10 Desemba

Gisèle, msaidizi wangu, amekuja kwa mara ya pili. Masikini, alifika hoi. Anatokea kwa Zéphirin, anayemfuata chumba hadi chumba akiguna. Nikamwambia aketi. Mgeni hapokewi kwa ndoo! Hata hivyo, cha kudeki hakikuwepo. Nilishadeki alfajiri, asije akatangaza kijijini kwamba nyumba ya Yvonne ni chafu. Nikampikia, nikamwekea kigoda anyooshe miguu. Alipojaribu kuosha kikombe chake nikamnyang'anya. Wakati ananisimulia habari za dada yake nilifuta madirisha. Muda ulipoisha nikatia saini kwamba kazi imefanyika vizuri sana, na kweli imefanyika. Bwana wa theluji naye nimempunguzia, ngazi zote nilizimaliza kabla hajafika. Ana mgongo mbaya yule.

Sasa nimelala, goti liko juu ya mito mitatu. Nimempigia Odile. Nimemwambia ukweli mtupu, kama alivyonifundisha: saa mbili kwa wiki hazinitoshi. Nimemwomba waniongezee na Ijumaa. Hii kazi ya Jumanne ni nzito mno kwa mzee wa umri wangu.