Mume Akifika Mpika, Nameza Kidonge

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, tena mbele ya wenzangu wa sokoni. Mkiona makosa ya kuandika mnisamehe.

Niliamka na kichefuchefu kimenikaa kooni. Siku zangu zimechelewa siku tisa. Tisa! Mtoto wangu wa pili ana mwaka na nusu, na ndiyo kwanza nimepata fremu ya kuuzia vitenge hapa Tunduma, baada ya miaka minne ya kuvitembeza begani. Mimba nyingine sasa hivi, fremu naiaga. Nikakaa kitandani nikalia kidogo, halafu nikamwogesha mtoto.

Na vidonge vya uzazi wa mpango nameza! Ila nameza kwa akili zangu. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo, anaweza kupotea wiki tatu. Sasa mtu yuko Lubumbashi, mimi nimeze vidonge vya nini? Nikajipangia utaratibu. Akipiga simu kwamba amefika Mpika, huko Zambia, nameza kimoja. Akiwa Nakonde, hapo mpakani, kwenye foleni ya malori, cha pili. Akiwa nyumbani, kila siku. Akiondoka, naacha. Pakiti ya mwezi mmoja inanifikisha miezi mitatu. (Nilijiona mchumi kweli.)

Vidonge vyenyewe nilinunua ng'ambo, Nakonde, maana cha ng'ambo siku zote tunakiona bora. Muuzaji alinieleza kwa kirefu, Kibemba kimechanganyika na Kiingereza. Kibemba changu ni cha kuuzia vitenge tu. Kila alipovuta pumzi nikamjibu, "Eya mukwai." Ndiyo baba, ndiyo baba. Akaridhika, nikaridhika, nikavuka kurudi nyumbani.

Basi leo nikaenda zahanati. Nimejitanda kitenge mpaka puani nisijulikane. Kwenye benchi la uzazi wa mpango, nani wamekaa? Mama Gifti wa chipsi, Tusekile wa mchele na Mama Subira wa nyanya. Wote soko moja na mimi, wote waume zao madereva. (Hilo likumbukeni.) Tukasalimiana kwa macho, kila mtu akatazama sakafu.

Nesi akatoka, mama mtu mzima, ana sauti ya kuitia ng'ombe. "Wenye pakiti zitoeni. Nataka kuona mnavyomeza."

Nikatoa yangu. Ina matundu huku na kule, kama gunzi lililodonolewa na kuku.

"Mama, hivi unameza au unachagua?"

"Nameza, nesi."

"Unameza lini?"

Nikanong'ona. "Mume akifika Mpika."

"Sikusikii!"

"MUME AKIFIKA MPIKA!"

Wajawazito wa benchi la pili wakashika matumbo kwa kicheko. Nesi hakucheka. Afadhali angecheka.

"Sikiliza mama. Hiki siyo mwavuli, eti mvua ikikaribia ndiyo ufungue. Ni kimoja kila siku, saa ileile, mume awepo asiwepo. Ukiruka hivi hakikulindi."

"Lakini nesi, vinanitapisha. Na damu inanitoka matone matone."

"Wengi huanza hivyo miezi ya mwanzo, kisha mwili unazoea. Wewe kila safari unaanza upya, utazoea lini? Na hivi vya kahawia unafanyaje?"

"Natupa. Nilijua vimechacha."

"Vina madini ya chuma ya kukuongezea damu! Na vinakutunzia zoea la kumeza kila siku. Haya, ulinunua kwa bei gani?"

Nikamtajia kwacha zangu.

"Hapa tunatoa bure."

Hapo nikahisi machozi. Nesi akaweka mikono kiunoni. "Nani alikufundisha huu upuuzi?"

Nikavuta kitenge mpaka machoni. Tusekile akainua mkono polepole. "Nesi, na mimi nameza hivyohivyo. Wangu akifika Kapiri."

"Wangu akifika Nakonde," akasema Mama Gifti.

Mama Subira akajifunika uso.

"Kumbe mko wengi! Mwalimu wenu nani?"

Vidole vitatu vikanielekea. (Ndiyo. Mimi. Nilitoa somo zima kwenye kikundi chetu cha kina mama, nikapigiwa makofi na soda nikanunuliwa.)

Tukaingia kupimwa mmoja mmoja. Majibu: sina mimba! Nesi akasema kurukaruka kule ndiko kumevuruga siku zangu, nirudi wiki ijayo kama bado hazijaja. Akanipa pakiti mpya, na kondomu za kutumia siku saba za mwanzo. Nikatoka nimenyooka, nataka kuimba.

Mama Gifti salama. Mama Subira salama. Tusekile akatoka wa mwisho, ameshika kadi ya kliniki ya wajawazito.

Nikakosa pa kuweka uso. Nilitaka anitukane, nipumue. Akakaa, akaniegemea begani, akalia kidogo. Kisha akafuta macho kwa khanga.

"Akiwa wa kike, dada, namwita jina lako."

"Na akiwa wa kiume?"

"Kapiri."

Basi, wengine chekeni mpaka mchoke, mmeshinda. Ila kama ulikuwepo siku ya lile somo langu, wewe usicheke kwanza. Zahanati inafunguliwa saa mbili asubuhi.