Breki ya Nyuma Kushoto

Fundi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa sababu ya miwani na maneno mengi, alilisikia gari kabla ya kuliona. Gurudumu la nyuma lilikuwa likilia kama paka aliyebanwa mlangoni, na harufu ya kuungua ikatangulia kuingia gereji. Profesa akainuka na kuvaa uso wa msiba.

Aliyeshuka alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi. Gari lenyewe lilikuwa bado linanukia upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Linavuta upande mmoja, na gurudumu hili limekuwa la moto."

"Shukuru umefika," alisema Profesa, kwa sauti ya mtu anayefunika maiti.

Akapiga jeki, akafungua gurudumu, akachungulia. Ukweli aliuona papo hapo. Kalipa, kile chuma kinachobana diski kwa pedi mbili ili gari lisimame, ilikuwa imeganda. Pini inayoteleza ilikuwa imekauka grisi na kushika kutu, ndiyo maana pedi ya ndani ilikuwa imelika mpaka chuma, na ya nje bado nene. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

"Mama, kaa kwanza."

Mama akakaa juu ya tairi.

"Unaziona pedi hizi? Zimezaliwa tumbo moja, moja imekwisha, nyingine nzima. Maana yake ekseli imepinda. Hili si gari tena, mama. Ni chuma chakavu chenye redio."

"Jamani. Na nilivyolizoea."

"Ningekuwa na roho mbaya ningekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukaenda kufia barabarani. Niachie hiki chuma, uchukue pikipiki yangu ile. Inaniuma, lakini wewe ni mama yangu."

Mama aliitazama pikipiki kwa muda mrefu, kisha akafuta jicho moja. "Na kadi ya gari? Nimeiacha nyumbani."

Hapo Profesa alibanwa na ulimi wake mwenyewe, maana mnunuzi wa chuma chakavu hadai kadi. Akiing'ang'ania, mama angeanza kujiuliza maswali.

"Utaileta ukipata nafasi. Haraka ya nini?"

Kadi ya pikipiki alimkabidhi palepale, na saini juu, asije akabadili mawazo. Mama akaiwasha kwa kiki moja, akakata kona bila mguu kugusa chini. Profesa alishangaa kidogo, lakini alikuwa na furaha na hakutaka kuiharibu kwa kufikiri.

Kwa kuwa gari sasa lilikuwa lake, alilitengeneza kwa uaminifu ambao mteja yeyote angeulilia. Aliisugua pini kwa brashi ya waya, akaipaka grisi mpaka ikateleza, akairudisha ndani taratibu pistoni inayosukuma pedi, kisha akafunga pedi mpya halisi, zile ambazo wateja walionyeshwa tu. Alipolizungusha gurudumu, lilizunguka kimya.

Kesho yake alikuja bwana mmoja mrefu, ufunguo wa akiba mkononi.

"Habari za kazi, fundi. Nimefuata gari langu."

"Gari lako?"

"Shemeji yangu alilileta kwa ajili ya breki." Bwana akatoa kadi mfukoni; jina lake, namba ileile.

Profesa aliisoma kadi mara mbili. Angesema amelinunua, angeulizwa kwa bei gani. Angetaja bei, angeulizwa kwa nini gari zima kwa pikipiki. Kila jibu alilolipima lilimfikisha kituo cha polisi.

"Na shemeji yuko wapi?"

"Amesafiri alfajiri, kwa pikipiki. Hata sikujua kwamba anayo."

Bwana akaendesha kidogo uani, akakanyaga breki, gari likatulia. Akashuka akitabasamu.

"Kazi safi. Ningekulipa, ila shemeji alinionya kwamba utakasirika. Amesema mmekuwa kama mama na mwana."

"Ndivyo," alisema Profesa, kwa shida.

"Basi nitazamie na upande wa kulia. Ukikuta pini yake nayo imekauka, usiniache hivihivi."

Profesa akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaenda kuchukua jeki.