Taa za Ndege Yangu Si Mapambo

Germantown, Maryland
11 Mei

Kwa Mwenyekiti, Mzee Mutai,
Kamati ya Kurusha Ndege ya Fidelis.

YAH: KUONDOLEWA KWA TAA ZA NDEGE MIKONONI MWA KAMATI NDOGO YA MAPAMBO

Shikamoo Mzee. Natumaini goti linaendelea vizuri, na ile dawa ya kuchua niliyompa Rosemary akuletee haikukuunguza sana.

Ni mimi Fidelis, mwenye ndege. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp kila nikitoa hoja mtu anatuma picha ya maua, wengine wanaitikia "Amina", na hoja inapotelea juu.

Utakumbuka kwamba miaka saba iliyopita, kwenye ubatizo wa binti yetu Bupe, nilisimama nikasema mbele za watu kwamba nitaunda ndege ya watu wawili kwa mikono yangu mwenyewe, gerejini kwangu. Watu walipiga makofi, nami nikaunda. Mabawa yamekamilika na yameegemea ukutani. Injini inanguruma mpaka jirani anafunga madirisha. Kilichobaki ni taa tu. Nilimwahidi mke wangu kwamba siku taa zitakapofungwa, ndege itatoka kwenda uwanja mdogo wa ndege wa Frederick, na gari lake litaingia gerejini. Rosemary ni nesi, huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na huu ni mwaka wa saba anakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya maktaba. Zamani alikuwa analalamika. Siku hizi ananitazama tu, na mtazamo ule unaniuma kuliko maneno.

Ndipo nikafanya kosa la kuomba ushauri. Siku ile ya chakula cha pamoja nilileta kwenu swali moja dogo: nichukue taa gani za LED, za bei nafuu, zinazofaa kwenye ndege ya kujiundia? Sisi watu wa Afrika Mashariki swali la namna hiyo hatujibu mtu mmoja mmoja. Kabla pilau haijapakuliwa ilikuwa imeundwa kamati, na chini yake kamati ndogo za chakula, usafiri, ukumbi na mapambo, kama tufanyavyo kwenye kila harusi. Upendo wenu nauona na ninashukuru. Lakini nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Taa zimekabidhiwa mapambo, pamoja na maputo na vitambaa vya viti. Mzee, taa za ndege zina sheria yake: nyekundu bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani, dunia nzima. Nilimweleza hivyo Dada Benadetha, mkuu wa mapambo, kwa heshima zote. Akanijibu kwenye kundi: "Kaka Fidelis, rangi za shughuli ni pichi na bluu, sare zimeshashonwa, usituletee Krismasi mwezi wa sita." Watu kumi na tisa wakampigia makofi, akiwemo mke wangu.

2. Dada Benadetha alikuja gerejini na taa za vimulimuli, zile za kwenye meza kuu, mita ishirini, zenye rimoti na mitindo minane ya kuwakawaka. Akazizungusha kwenye mabawa. Sikatai, zilipendeza. Ila taa rahisi zisizo na kinga huchafua redio. Nilipowasha redio ya ndege ilianza kuchachatika kama kikaango cha maandazi. Hivyo siku ya kuruka waongoza ndege wataniambia nisitue, mimi nitasikia maandazi yanaiva, nitatua. Nilipolalamika, kamati ndogo ya chakula ilidhani nimeomba maandazi, na sasa yamo kwenye menyu.

3. Uliingilia kati wewe mwenyewe, Mzee, na hapa ndipo ninapoumia. Wakenya walitaka nyekundu iwe upande wao wa viti, Watanzania tukasema kijani ni chetu, wale ndugu watatu wa Kongo wakauliza rangi yao iko wapi. Ukaamua kwamba, kwa ajili ya umoja, mabawa yote mawili yawe na rangi moja ili mtu asijione amedharauliwa. Ni uamuzi wa busara kwa binadamu. Lakini rubani mwenzangu akikutana nami kwenye giza, zile rangi mbili ndizo zinazomwambia kama ninakuja kwake au ninaondoka. Zikiwa sawa atabaki kukisia, na kule juu hakuna pa kusimama mkaulizana.

4. Kamande, ambaye ndiye MC, ameandika kwenye ratiba kwamba ndege "itaingia" uwanjani kama maharusi: hatua mbili mbele, moja nyuma, vimulimuli vikiwaka kufuata muziki, na pembeni matroni wa ndege, Dada Chepngetich, akiifuta jasho. Nimemwambia ndege haina rivasi. Akasema, "Bro, tutapush, usijali." Hata Bupe, ambaye Kiswahili anakisikia ila hajibu kwacho, aliinua kichwa kwenye sahani yake akasema, "Daddy, planes don't dance." Mtoto wa miaka saba, Mzee. Hayumo kwenye kamati ndogo hata moja.

5. Imependekezwa nikishapaa nipite juu ya ukumbi wa sherehe kule Shaw, katikati ya Washington, kisha Upper Marlboro kwa wakwe zake Kamande, ili vimulimuli vionekane. Anga la mji mkuu linalindwa kwa makombora. Nikionekana juu ya Shaw nimezungukwa na taa za pichi zenye mitindo minane ya kuwakawaka, wanajeshi hawatauliza sare imeshonwa wapi.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na wao walikuwa na chombo cha majini, ambacho mtu akianguka anaweza kuogelea.

Kwa hiyo naomba kamati iniruhusu nifunge taa nilizochagua mwenyewe. Ni za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya boti, nyekundu na kijani, na moja nyeupe ya nyuma. Bei yake ni kama sehemu moja ya kumi ya zile zilizoandikwa "ndege" kwenye boksi. Nimezipima kwa mwezi mzima: zinaonekana kutoka mwisho wa mtaa wetu, hazichoshi betri, na ukiziwasha karibu na redio inabaki kimya kabisa. Mwalimu wangu wa urubani, Wayne, atakayekaa nami siku hiyo, ameziangalia akasema zinatosha. Msiponiruhusu ndege haitoki, isipotoka Rosemary ataingia mwaka wa nane na kadi ile ile ya maktaba, na lawama zitakuwa za kamati.

Nifikishie salamu kwa Mama, kwa kamati ndogo zote kasoro ya mapambo, na baada ya kutafakari, hata ya mapambo. Mwambie Kamande keki ya umbo la ndege siipingi.

Ni mimi, katika kamati niliyojitakia,

Fidelis

N.B. Mzee, sehemu hii usiisome kikaoni. Wayne aliniambia tangu mwaka juzi kwamba ndege kama yangu ikiruka mchana tu, haidaiwi taa hata moja. Na shughuli yetu ni saa nne asubuhi. Zile taa za boti nilishazinunua kabla hujaunda kamati, zimo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Ukweli ni kwamba naogopa. Nilipokuja Marekani nilijifunika blanketi kichwani ndani ya ndege, kutoka Dar hadi uwanja wa Dulles. Mtihani wa urubani wa kuandika nimefaulu mara mbili, maana matokeo ya kwanza yaliisha muda. Wa kuruka bado nasubiri taa. Kwa hiyo yote niliyoomba hapo juu naomba yakataliwe. Mhimize Dada Benadetha akaze uzi, pichi ibaki pichi, hata miaka mingine saba. Kikwanguo cha barafu nitamnunulia Rosemary kizuri, chenye mpini mrefu. Ila yeye asijue. Balbu ya sebuleni ikiungua ndiye hupanda ngazi kuibadilisha, na mimi huishika ngazi chini, nimefumba macho.